Yellowknife na tela msimu wa moto: nenda, ila barabara ni moja

Mleta mada yuko Edmonton, ana pikapu na tela la kulala la futi 22, anataka kumpeleka mama watoto na watoto Yellowknife, mji mkuu wa Northwest Territories kaskazini mwa Kanada, mwezi wa saba. Habari za moto wa misitu zinamtisha, anauliza aende au aahirishe. Waliotangulia wamegawanyika: wengine "acha kabisa", wengine "mbona kuna watu wanaishi huko". Mimi njia hiyo nimeipita na tela, na moshi ukiwepo. Nenda mkuu, ila hiyo hofu itoe kwenye moto uihamishie kwenye barabara.

Watu huwaza miali ikifukuza gari. Kinachomkwamisha msafiri mara nyingi ni kwamba njia ya kwenda ndiyo hiyo hiyo ya kurudi. Kuanzia mji wa Grimshaw, Alberta, unapanda na barabara namba 35, unapita mji wa High Level, unavuka mpaka wa Northwest Territories, kijiji cha Enterprise, daraja la Deh Cho, Fort Providence, halafu zaidi ya kilomita 300 za msitu mpaka mjini. Ikifungwa kati ya Fort Providence na mjini, hakuna uchochoro. Agosti 2023 Enterprise iliteketea karibu yote tarehe 13, na tarehe 16 Yellowknife nzima, watu kama 20,000, ikaamriwa kuhama, mwisho saa sita mchana tarehe 18. Wengine waliondoka kwa ndege, wengine wakabanana kwenye barabara namba 3, ndiyo hiyo ya kutoka mjini kushuka Fort Providence, na foleni ya mafuta Fort Providence. Wenyeji waliruhusiwa kurudi Septemba 6.

Na usiupime moto huu kwa wa kwetu. Aliyekulia Iringa au Tabora ameona nyasi zikiwaka kiangazi, jioni limebaki jivu, kesho yake ng'ombe wanapita. Huku ardhi yenyewe inaungua. Chini ya misonobari kuna tabaka nene la mboji; moto unazama humo, unafuka kimya kipindi chote cha baridi juu kukiwa na theluji, kisha unaibuka theluji ikiyeyuka. Ule wa Donnie Creek, British Columbia, ulikula zaidi ya hekta 500,000 mwaka 2023, na masalia yake yakaamka tena 2024. Kwa hiyo ukisikia moto "umedhibitiwa", usidhani umezimika.

Sasa tela. Pikapu tupu unaigeuza dakika moja. Ukiwa na futi 22 nyuma, barabara ya njia mbili, mtaro kila upande, hiyo ni shughuli. Kabla ya kutoka High Level weka alama kwenye ramani kila mahali tela linaweza kugeuka: kituo cha wageni pale mpakani, maegesho ya maporomoko ya Alexandra, makutano ya barabara, sheli. Kambini chagua sehemu unayoingilia huku na kutokea kule bila rivasi, na kama haipo, egesha pua ikiangalia njia ya kutokea. Halafu mfanye mazoezi nyumbani ya kulikata tela: miguu chini, minyororo, waya wa taa, ndoano, ondoka. Shemeji naye aweze bila wewe. Siku ikibidi, tela linaachwa. Ni bati na magodoro, bima itajua.

Mafuta ndiyo ninapokuwa mkali. Kuvuta tela kunaweza kukaribia kuongeza unywaji maradufu, na upepo wa mbele ukiwepo utashangaa. Mimi geji ikifika nusu najaza, hata kama bei inaniuma, na dumu la lita 20 halikosi nyuma ya pikapu. Safari moja tulisimamishwa kusubiri gari la kuongoza msafara. Dada mwenye kibao cha kusimamisha magari alikuja dirishani, barakoa shingoni, swali lake la kwanza halikuwa tunakwenda wapi. Aliuliza tanki lina kiasi gani. Kisha: taa washa, vioo funga, usisimame kupiga picha. Tukapita taratibu, ukingoni visiki vinafuka, jivu linatua kwenye kioo kama vumbi la unga, na nyati wawili wa kule, wale wenye mabega makubwa, wamesimama katikati ya barabara hawana habari. Msafara wote ukawasubiri wao.

Kuhusu muda wa kutembea: moto hutulia alfajiri na kuchangamka mchana hewa ikikauka, na kule kaskazini jua la mwezi wa saba linachelewa sana kuzama, kwa hiyo "mchana" unaweza kufika usiku wetu. Ondoka mapema. Moshi asubuhi huwa umelala chini, hivyo punguza mwendo, ila afadhali moshi kuliko upepo wa saa kumi jioni.

Ramani za setilaiti zenye vidoti vyekundu ni nzuri lakini zinachelewa kwa saa kadhaa, na wingu zito huficha. Soma pamoja na taarifa za barabara za serikali, ukiwa bado High Level, maana mbele mtandao unakata kwa masafa marefu. 2023 moto uliunguza hata nyaya za mawasiliano upande wa Hay River. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti siyo anasa.

Watoto: kipimo cha ubora wa hewa cha Kanada kikizidi 10, msilale kwenye tela, tafuteni chumba. Matundu ya paa yanavuja moshi hata yakiwa yamefungwa. Na wapenzi wa nyama choma, poleni, marufuku ya moto ikitangazwa mkaa hauwashwi. Jiko la gesi kwa kawaida linaruhusiwa, soma kibao cha kambi.

Kama shemeji bado ana wasiwasi, fikirieni Whitehorse, mji mkuu wa Yukon. Kule nako kunaungua, Fort Nelson iliyo njiani ilihamishwa Mei 2024, lakini karibu na Watson Lake kuna barabara namba 37 inayoshuka kusini hadi Kitwanga. Ni ndefu na sheli ni za kuhesabu, ila ni njia ya pili. Usilipie popote pasiporudisha hela.