Uliza Fundi wa Nyuzi: Nne au tano, na hela ya ampu iko wapi?

*Shikamoo fundi. Mi napiga besi kwaya ya vijana huku Ujiji, gita ninalotumia la kuazima na mwenyewe kashaanza kulidai. Tumechanga laki 8. Kuna jamaa Mwanga anauza Yamaha TRBX174, nyuzi 4, mtumba, anataka laki 4. Afu kuna duka Dar wana la nyuzi 5, jipya, kampuni siijui, lina kisehemu cha betri nyuma, laki 7 na nusu pamoja na kulituma kwa treni. Mwalimu wetu anasema tano ndo ya kisasa. Tuchukue lipi? Sa hivi napigia kwenye ampu ya solo. – Mpiga besi, Ujiji*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma vizuri tu mpaka pale mwisho kwenye ampu ya solo, yaani kikuza sauti cha gita la solo, nikasimama, umeitaja kama kitu cha kupita wakati ugonjwa wenyewe ndo huo.

Iko hivi. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi 4, ukiupiga mtupu unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na ule wa tano, B, unashuka mpaka 31 hivi. Spika ya ampu ya solo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, karatasi yake nyepesi, ukiisukuma na besi inaanza kukoroma afu Jumapili moja katikati ya pambio inachanika. Sasa mkitoa laki 7 na nusu mnabaki na elfu 50, yaani mmenunua uzi wa chini kabisa afu hamna spika ya kuutoa, utauona unacheza kwenye gita ila kule nyuma kwa akina mama hausikiki. Kwangu mimi hiyo ni hela mmeitupa ziwani.

Mwalimu msimdharau lakini, ana hoja. Kinanda kikiwa kwenye D au C kinashuka chini, wewe wa nyuzi 4 unaishia E inabidi uruke juu, na sisi watu wa Kigoma tumekua na redio za ng'ambo ya ziwa, sikio letu linajua besi ikikosa tumbo. Ila kwa nyimbo za D kuna dawa ya bure: legeza E mpaka ifike D. Kila noti kwenye uzi huo itakuwa imesogea freti 2 mbele, vile vijichuma vya kukatiza shingoni, utachanganyikiwa wiki moja tu, utazoea.

Na hiyo betri. Gita la betri lina kimashine ndani cha kuongeza sauti na kuchezea sauti za chini na za juu, kinakula betri ya volti 9. Si kibaya, tatizo ni kwamba jeki, lile tundu la kuchomekea waya, ndo swichi yenyewe, ukisahau waya umechomekwa usiku kucha betri inaisha taratibu na gita limelala. Mi liliniumbua mkesha wa Krismasi, wimbo wa pili besi ikaanza kukwaruza kama redio mbovu, afu kimya, maduka yote yamefungwa, ikabidi tuchomoe betri kwenye maiki isiyo na waya na mchungaji akahubiri kwa koo lake. Hajasahau mpaka leo. TRBX174 haina betri, unachomeka unapiga.

Tena ina kitu kingine nakipenda, pikapu zake, vile vidude chini ya nyuzi vinavyonasa mtetemo, ni za aina mbili. Leo Fender wa Marekani alitoa besi ya Precision mwaka 1951, 1957 akaibadilishia pikapu ikawa ile iliyokatwa vipande viwili vilivyopishana, afu 1960 akatoa Jazz yenye pikapu mbili nyembamba. Precision inatoa sauti nene inayokaa chini ya waimbaji bila kugombana nao, Jazz inasema zaidi, kila kidole kinasikika. Hiyo Yamaha imeweka moja ya kila aina, kwa hiyo kwenye kwaya fungulia ile ya vipande viwili, ikifika sebene ongeza ile nyembamba ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gita.

Kwa hiyo chukueni Yamaha, ila usilipe kabla hujalikagua, na nenda mchana. Bana uzi mnene freti ya kwanza kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mwingine, afu chungulia katikati, kwenye freti ya 7 au 8. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, usiozidi unene wa kadi ya benki, wenye mkono wanashusha zaidi ya hapo. Uzi ukilala kabisa au ukiona kidole kinapita, shingo imepinda. Kupinda kidogo si kesi, kuna chuma ndani ya shingo kinakazwa au kulegezwa, ila muuzaji akiogopa kukigusa wakati kichwa cha hicho chuma kimeshaliwa, ondoka. Afu gusa uzi kwa juujuu freti ya 12 utoe ule mlio wa kengele, kisha bana hapohapo kawaida, milio miwili ilingane. Zungusha vitufe vyote, vikikwaruza ni vumbi tu, vumbi letu unalijua.

Hiyo laki 4 inayobaki ni ya ampu ya besi, mtumba, spika inchi 12 au 15. Soma kibandiko cha nyuma! Mi nilinunua moja iliyotoka Japani, kule umeme ni volti 100, sikusoma, nikachomeka kwenye 230 zetu, moshi ukatoka hata E sijapiga.

*Fundi habari. Mi ni dada, niko Tabora, vidole vyangu vifupi na wenzangu kwenye bendi wanasema besi ni ya wanaume. Kuna gita dogo? – Binti wa Isevya*

Salama dada. Carol Kaye wa Marekani alipiga besi kwenye rekodi nyingi mno za miaka ya 1960, na alikuwa anatumia Precision, gita la kawaida kabisa. Wenzako waambie basi wabebe ampu.

Magita yapo. Besi ya kawaida urefu wa uzi ni inchi 34, fupi ni 30, na Ibanez wana GSRM20 ya 28.6. Ukipenda ya kawaida tafuta yenye shingo ya Jazz, pale juu upana wake ni milimita 38 hivi, Precision nyingi ni 41 na zaidi, mkononi utaisikia tofauti. Kabla ya kununua chochote lakini, angalia dole gumba la kushoto liko wapi. Likiwa limening'inia juu ya shingo vidole haviwezi kufika, lishushe likae nyuma katikati, na kwenye freti za mwanzo tumia cha kwanza, cha pili na kidogo cha mwisho, cha pete kiache kimsindikize tu.