Kumsamehe shemeji aliyeuza cherehani yangu

Dada, unasema shemeji yako aliuza cherehani na magodoro uliyomwachia mlipokimbilia mji wa Sake, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, na sasa mnaketi benchi moja kanisani hapa Goma, nawe unauliza kama ni lazima umsamehe. Pole sana. Cherehani ile ilikuwa chakula cha watoto! Ndiyo, Petro aliuliza kama amsamehe ndugu yake hata mara saba, Yesu akamjibu sabini mara saba, Matayo 18. Lakini soma pia Luka 17:3: ndugu akikosa, mwonye. Basi mwite, mbele ya mama mmoja mnayemheshimu nyote wawili, umweleze uchungu wako bila matusi. Yusufu aliwasamehe ndugu zake, ila kwanza aliwapima. Ufunguo wa nyumba usimpe tena kwa sasa. Chuki yenyewe mkabidhi Mungu kila asubuhi, hata ikirudi jioni.