Dar hadi Mbeya na watoto ndani ya Hiace: hesabu vituo, usihesabu kilomita

Mkuu, umeuliza kama familia ya watu watano inaweza kulala ndani ya Hiace kutoka Dar mpaka Mbeya, na kama njiani kuna cha kuwaonyesha watoto zaidi ya swala wa Mikumi. Inawezekana kabisa. Sisi tulikwenda likizo ya Desemba, mimi, mama watoto na watoto watatu, mkubwa akiwa darasa la sita.

Gari kwanza. Tuling'oa siti za nyuma, seremala akatupigia kitanda cha mbao chenye droo chini: nguo upande mmoja, sufuria na unga upande mwingine. Jiko ni mtungi mdogo wa gesi, na tunapikia nje tu, hata mvua ikinyesha tunatandaza turubai. Mtungi ukilala ndani, dirisha moja liwe wazi. Kosa letu lilikuwa betri ya pili ya taa na feni. Fundi aliifunga bila fyuzi, tukiwa Ruaha Mbuyuni waya ukaanza kuyeyuka chini ya kitanda walipolala watoto. Nakuomba sana, kagua waya wote kwa macho yako kabla hujatoka nyumbani.

Mlima Kitonga pandeni asubuhi, malori hayajaanza kusongamana. Wakati wa kurudi ndiyo kazi: teremka kwa gia ndogo toka juu kabisa. Ukisubiri mpaka unuse breki, umechelewa.

Ukishapita Ilula, kabla ya Iringa mjini, uko Lugalo, na hapo kuna mnara. Simama. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa chifu Mkwawa waliwavizia Wajerumani eneo hilo wakamuua kamanda wao, Zelewski. Niliwasimulia watoto palepale, magari yakipita kwa kasi nyuma yetu, ili kesho yake Kalenga isiwe mahali pageni kwao.

Kalenga ni kama kilomita 15 kutoka Iringa, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Usitegemee jumba kubwa. Ni makumbusho madogo: mikuki, ngao, na fuvu la Mkwawa ndani ya kioo. Binti yangu wa kati alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akauliza, "Baba, kwa nini walichukua kichwa?" Nilimjibu ninavyojua. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe hai, na Wajerumani wakapeleka kichwa kwao. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Likarudi 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolileta kutoka Bremen. Mtoto akahesabu kwa vidole, akafika miaka 35, akanyamaza. Kwenye gari hakuna aliyeomba simu acheze gemu mpaka tunafika mjini. Kama una muda wa kituo kimoja tu safari nzima, kiwe hiki.

Mjini kuna pia Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililogeuzwa makumbusho. Nusu saa inatosha.

Isimila, eneo la Zama za Mawe kama kilomita 20 kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya, nendeni asubuhi, maana jua la kule korongoni halina huruma. Nguzo za mchanga mgumu ni ndefu kuliko nyumba, lakini wanangu walishikwa zaidi na mashoka ya mawe. Mdogo alipewa moja ashike, mkono wake wote ukaenea juu yake. Halichukuliwi, linarudishwa lilipokuwa, na hilo waambie kabla hamjaingia.

Usiku ule tulilala shamba la Kisolanza, ambako wanapokea watu wa kupiga kambi. Beba mablanketi mazito! Kuanzia hapo kwenda Mafinga na Makambako, baridi ya usiku inapenya bati la gari hata Desemba.

Mbeya tulipita tu, tukaenda kwenye kimondo cha Mbozi, sasa ni mkoa wa Songwe, unachepuka kutoka barabara ya Tunduma. Watoto walitegemea shimo kubwa. Halipo: kilianguka zamani mno, alama za ardhini zimeshafutika. Walipokichimbua pembeni, waliacha nguzo ya udongo chini yake, ndiyo ikajengewa zege, kwa hiyo kinaonekana kama kimewekwa mezani. Ni chuma chenye nikeli, urefu wa mita 3 hivi, na makadirio ya uzito hufika tani 16. Ukikipapasa ni kama sufuria nzito ya zamani, laini sehemu moja, vishimovishimo sehemu nyingine. Kwenye ncha kuna alama za watu waliowahi kukikata vipande. Mwanangu mkubwa alibandika sikio, mdogo wake akagonga kwa kokoto upande wa pili. Kikalia. Wakabadilishana zamu mpaka mama yao alipowaita kula.

Tenga siku nane, mkuu. Sisi tulitenga tano, tukaligeuzia mgongo Daraja la Mungu kule Rungwe, lile la mwamba juu ya mto Kiwira. Yule wa kati bado ananidai, na likizo ya Juni tunaanzia huko.