Usiongeze Texapon, itafutie mwenzake

Mama mmoja wa Birere alinirudishia bidoni ya lita 5 mbele ya wateja: "Sabuni yako hii ni maji tu!" Nikafanya kile ambacho wengi wetu tunaotengeneza sabuni ya maji hapa Goma hukifanya: nikaongeza Texapon, ile dawa nzito inayotoa povu na kuondoa mafuta. Faida ikaliwa yote, wateja wakaanza kulalamika kwamba mikono inakauka, na sabuni yenyewe ikabaki nyepesi.

Ndugu zangu, kabla ya kutoa franka zenu, jueni kinachotendeka ndani ya ndoo. Molekuli ya Texapon ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa chache, kila moja huelea peke yake au hupanda juu ya maji. Zikishafika kiasi fulani hujikusanya, mikia ndani, vichwa nje. Hivyo vifurushi vidogo mno ndivyo miseli, na mafuta ya sahani huingia humo ndani yakaondoka na maji. Kwa salfati ya laurili ya sodiamu, nduguye Texapon, kiasi hicho ni karibu gramu 2.4 kwa lita ya maji safi yenye nyuzi joto 25, na kifurushi kimoja hubeba molekuli kama 60.

Shida iko kwenye vichwa. Vyote vina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Betaini, dawa nyingine ya povu iliyo laini zaidi kwa ngozi, ina chaji zote mbili, chanya na hasi. Ikijipenyeza katikati yao, ugomvi unapungua. Miseli zinaanza kujengeka mapema, kwa dawa kidogo, na molekuli zinazozurura peke yake majini, zile zinazochoma ngozi zaidi, zinapungua. Mimi natia fungu 1 la betaini kwa mafungu 3 ya Texapon. Tangu hapo sijasikia tena habari ya mikono kukauka.

Halafu chumvi. Hii nayo hutuliza vichwa, na miseli za mviringo hurefuka zikawa kama nyuzi zinazosokotana, ndipo sabuni inakuwa nzito. Yeyusha chumvi kando kwanza, mimina kijiko kimoja kimoja, koroga taratibu, ngoja povu litulie, kisha inua mti wa kukorogea. Mwanzoni sabuni inadondoka matone matone. Baadaye inavutika kama dongodongo, yaani bamia. Hapo simama! Ukiendelea, itarudi kuwa nyepesi kisha itachafuka rangi, na hakuna chumvi ya kuirudisha. Nimeona watu wakiongeza chumvi wakidhani bado haijatosha, kumbe walishapita.

Si kila mwenzake anafaa. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma, kila mtu alitaka sabuni ya kuua vijidudu. Muuzaji mmoja wa dawa akanihakikishia kwamba benzalkoni, dawa ya kuua vijidudu, inachanganyika na sabuni yoyote. Nikaimimina kwenye lita 20. Nilikuwa bado nakoroga, maji yakageuka meupe kama maziwa yaliyoganda, utando ukakaa chini ya ndoo. Benzalkoni ina chaji chanya tupu: inashikana na Texapon hadi zinaganda pamoja, hii haiui vijidudu, ile haiondoi mafuta. Nilimwaga zote, na iliniuma, lakini kumpa mtu sabuni ile wakati ule ingekuwa kumdanganya kuhusu uhai wake. Ukitaka dawa ya namna hiyo, osha kwanza na sabuni, suuza vizuri, ndipo uipake.

Jambo la mwisho ni maji. Ya ziwa Kivu yana chumvichumvi zake tayari, magnesi nyingi hasa, kwa hiyo kipimo cha chumvi ulichozoea kwa maji ya mvua kitakuzidia. Mimi hukinga mvua ya kwenye mabati, naacha ile ya kwanza iliyobeba vumbi la volkano ipite. Siku mvua haipo nanunua bidoni za ziwa kwa wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na hapo natayarisha chumvi nusu ya kawaida, najaribu kwanza kwenye lita 1, ndipo nagusa ndoo kubwa.