Sarafu Moja, Bahasha Moja

Wadogo zangu wa chumba cha sarafu, jana nimemkuta mwenzenu amemwaga sarafu 12 za shaba za Kirumi mezani, bahasha kazirundika pembeni. "Nazipiga picha zote kwa mpigo, dada." Nilikaa chini kwanza.

1. Itoe moja, ipige picha, irudishe, ndipo utoe nyingine. Najua trei ya Gloria Exercitus, sarafu zilizoandikwa "utukufu wa jeshi" kwa Kilatini, inavyochosha: askari wawili, bendera katikati, ndogo kama kifungo cha shati. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa 17. Simu ikalia, nikageuka, kiwiko kikagonga kibao nilichozipanga. Hakuna iliyopata hata mkwaruzo, zilianguka kwenye zulia. Lakini baadhi zilitoka kwenye hazina iliyofukuliwa mahali panapojulikana, na nyingine zilinunuliwa tu kwa wafanyabiashara, asili yake haijulikani. Sasa zote zilikuwa rundo moja la shaba zuliani.

Siku tatu nilikaa na mizani. Aliyenitangulia, Mungu amweke, alikuwa ameandika kwa penseli kwenye bahasha uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, na upande wa nyuma umekaaje ukilinganisha na kichwa. Kumi na tano zikarudi nyumbani. Mbili zilizobaki ni za Antiokia, zina SMANT chini, alama ya kiwanda cha sarafu cha huko, zimelika, na bahasha zake ndizo pekee alizosahau kuandika uzito. Moja ni ya hazina. Ipi? Nilienda kwa mkuu wangu nikitetemeka. Hakufoka. Alisema, "Andika," akaendelea na chai yake. Bora angefoka. Hadi leo zinalala bahasha moja, na juu yake kuna mwandiko wangu: "mojawapo."

2. Pima uzito kabla ya yote. Sasa mnajua kwa nini.

3. Hesabuni bendera. Zenye mbili ni za mwaka 330 hadi 335 hivi. Zenye moja ni za baadaye, sarafu ilipopunguzwa uzito. Kadi ya maelezo inayosema "askari wawili" tu nairudisha.

4. Someni herufi zote, hata kama macho yanauma. CONSTANTINVS (Konstantino) na CONSTANTIVS, wafalme wa Kirumi, si mtu mmoja! Constantius wa Pili aliwahi kukaa miezi kwenye droo ya kaka yake, Konstantino wa Pili, na aliyemweka humo anaandika haya.

5. Unga wa kijani kilichopauka unaopukutika ni ugonjwa wa shaba: kloridi imekutana na unyevu. Usisugue. Itenge kwenye kiboksi kikavu, mwite mhifadhi. Na atakayeniletea habari za kusafisha kwa ndimu nitamfukuza, kwa sababu nyingi ya hizi zilipakwa utando mwembamba wa fedha, na ndimu haibagui kati ya uchafu na Konstantino.

Mwenzenu wa jana tulirudisha naye zote 12, kila moja na bahasha yake. Simu yake nimeiweka kwenye droo yangu mpaka saa kumi.