Kwa nini faini ya Intel ilifutwa

Ndugu, umeuliza: kama Intel, kampuni ya Marekani ya kutengeneza chipu za kompyuta, ilikosa, mbona mahakama ilifuta faini ya Ulaya? Kwa sababu hata anayetoza faini ana wa kumkagua, na inafaa iwe hivyo.

Mei 2009 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachosimamia ushindani wa haki sokoni, iliitoza Intel yuro bilioni 1.06 kwa mapunguzo ya bei yenye masharti. HP, mtengenezaji wa kompyuta, ilipata punguzo mradi angalau asilimia 95 ya prosesa (chipu kuu) za kompyuta zake za mezani za ofisini ziwe za Intel. Hapo AMD, mshindani wa Intel, ikitaka kuuza kidogo tu, lazima ifidie punguzo lote ambalo mnunuzi angelipoteza. Kamisheni ilieleza kuwa AMD ilimpa mtengenezaji mmoja prosesa milioni 1 bure, akachukua 160,000 tu. Bure, na bado hazikuchukulika!

Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema athari hiyo ichunguzwe kwa hesabu, isidhaniwe tu. Mwaka 2022 mahakama iliyo chini yake ikakuta makosa kwenye hesabu za Kamisheni, ikafuta faini yote. 2024 uamuzi huo ukathibitishwa.

Lakini Intel haikutoka safi. Malipo kwa HP, Acer na Lenovo ili zicheleweshe au ziache kompyuta zenye AMD yalibaki kuwa kosa, na 2023 Kamisheni ikatoza upya yuro milioni 376. Kinachouma ni muda: soko la chipu halisubiri miaka 15. AMD yenyewe ilishapatana na Intel Novemba 2009, ikalipwa dola bilioni 1.25.