Nyumba za akina Medici kule Florence: ukiwa na wikiendi moja, usianze na Pitti

Mkuu, umeuliza ukimaliza kozi yako Italia na kubaki na wikiendi moja Florence, uingie nyumba ipi ya akina Medici, ule ukoo wa wenye benki uliokuja kuutawala mji huo, maana tiketi si za bure na zote zinasifiwa. Nilizizungukia nilipokuwa nasoma huko, kabla sijarudi kulima zabibu hapa Mpunguzi. Ushauri wangu: zifuate kwa mpangilio wa jinsi ukoo ule ulivyopanda, utaelewa unachokiona.

Anza Palazzo Medici Riccardi. Cosimo Mzee alianza kuijenga mwaka 1444, ramani ikiwa ya Michelozzo. Kwa nje, sehemu ya chini utadhani ghala: mawe makubwa, mazito, hayana madoido. Alikusudia hivyo. Familia ilikuwa ya wenye benki (benki yao ilianza 1397), mji ulikuwa jamhuri, na yeye aliuendesha kutokea nyuma ya pazia. Mwaka 1433 wapinzani walishamfukuza mjini, akarudi mwaka uliofuata. Mtu aliyeonja uhamisho hajengi nyumba ya kuwatambia majirani. Utajiri kaufungia ndani: panda hadi kanisa dogo la familia, alilolichora Benozzo Gozzoli mwaka 1459. Ni safari ya Mamajusi, lakini katika msafara utawaona Medici wenyewe juu ya farasi, na dhahabu halisi imepakwa ukutani. Wanaingiza watu wachache wachache, kwa hiyo wahi asubuhi.

Kutoka hapo tembea kwa miguu hadi Palazzo Vecchio. Hapa kujificha kumekwisha. Hili lilikuwa jengo la serikali ya jamhuri. Mwaka 1540 Cosimo wa Kwanza (si yule Mzee, ni wa kizazi cha baadaye) akahamia na familia yake, ofisi ya wananchi ikawa sebule yake. Alishika utawala baada ya Alessandro, naye wa ukoo huohuo, kuuawa na jamaa yake wa mbali mwaka 1537. Huyo Alessandro, duke (mtawala wa cheo cha kurithi) wa kwanza wa Florence, wanahistoria wengi wanaamini mama yake alikuwa mjakazi mwenye asili ya Afrika. Waongozaji wengine wanampita haraka. Muulize wako.

Mwaka 1565 Cosimo akamwamuru msanifu wake Vasari amjengee njia ya juu kwa juu, kutoka Palazzo Vecchio, kupitia juu ya daraja la Ponte Vecchio, hadi Pitti, jumba lililonunuliwa na mkewe Eleonora. Sisi hapa Dodoma tunasimamishwa barabarani msafara upite. Yeye alipita juu ya vichwa vya watu bila kumsimamisha mtu. Baadaye mwanawe Ferdinando akawaondoa wauza nyama darajani kwa sababu ya harufu, wakawekwa masonara, na ndio waliopo mpaka leo. Njia hiyo ilifunguliwa tena kwa wageni Desemba 2024. Weka nafasi mapema.

Pitti yenyewe ni dhahabu juu ya dhahabu. Baada ya vyumba kadhaa macho hayashangai tena.

Jumapili panda basi uende Poggio a Caiano, chini ya kilomita 20. Ni nyumba ya shamba ya Lorenzo, mjukuu wa Cosimo Mzee, iliyobuniwa na Giuliano da Sangallo, na kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote. Ukumbini kuna twiga! Sultani wa Misri alimpelekea Lorenzo twiga mwaka 1487. Mnyama hakuishi sana, ila Andrea del Sarto alimchora ukutani miaka mingi baadaye. Ghorofani kuna picha za matunda za Bartolomeo Bimbi, zabibu zikiwa zimechorwa aina kwa aina, kila moja na jina lake. Aliyemwagiza ni Cosimo wa Tatu, mtawala wa baadaye wa ukoo huo, yuleyule ambaye mwaka 1716 alitangaza mipaka ya mashamba yanayoruhusiwa kutumia majina ya Chianti na Carmignano kwenye mvinyo. Na sisi wakulima wa huku tungepata mtu mkali wa namna hiyo!

Usishangae kukuta vitu vingi hivyo bado vipo. Anna Maria Luisa, wa mwisho katika tawi la Medici lililotawala, aliweka mkataba mwaka 1737 kwamba hazina za familia zisihamishwe kutoka Florence.

Kama unaenda na shemeji, yeye mpeleke Pitti kwa ajili ya bustani ya Boboli. Ila ni mlima ule, avae raba.